Wekundu Ulioitwa Machozi

Safta alikufa Jumanne kabla ya chakula cha mchana, baina ya mistari miwili ya maharage.

Ilarie Burcea, mumewe, alikuwa kibandani akikaza pete ya chuma kwenye pipa la mvinyo. Supu ilikuwa imeshapoa mezani. Alimwita mara mbili. Alipotoka nje aliona kitambaa cha kichwa cha Safta, cha bluu, kimelala chini kati ya majani, na kando yake kikapu kimepinduka. Aliviona vizuri kabisa, tangu mlangoni. Aliona hata maharage yaliyomwagika. Hilo ndilo lililomkaa kooni baadaye. Miezi minane kabla ya siku ile asingeuona hata ua wenyewe, na Safta ndiye aliyehangaika mpaka akaona.

Jicho lake la kushoto lilikwenda akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Kipande cha chuma kiliruka kwenye pete ya pipa kikalipasua. Akabaki na la kulia, akatengeneza mapipa nalo miaka arobaini na mitano, na nusu ya mvinyo wa kijiji cha Podul Lat ulilala ndani ya kazi ya mikono yake. Alipokaribia sabini, la kulia nalo likaanza kuvuta ukungu. Kwanza asubuhi tu. Kisha kutwa. Mwishowe alikuwa akipima mbao kwa kidole gumba na kumjua mtu kwa kikohozi chake.

Safta alimpeleka mji wa Craiova kwa daktari wa macho, Otilia Vlaicu, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Daktari alisema konea imeharibika, yaani ule utando angavu ulio mbele ya jicho, na hakuna dawa ya kuurudisha. Itabidi ukatwe, ashonewe mwingine wa marehemu. Ilarie aliuliza marehemu gani. Akaambiwa hajulikani na haulizwi. Walingoja miaka miwili. Siku walipoitwa, Safta aliwasha mshumaa kanisani kwa ajili ya mtu huyo asiye na jina, na kila Jumapili baada ya hapo akawasha mwingine.

Utando ulishonwa kwa nyuzi kumi na sita, nyembamba kuliko unywele. Kushona kulichukua asubuhi moja. Kupima kama umeshika kungechukua mwaka na zaidi.

Kulikuwa na kifaa mfano wa bakuli lililolazwa ubavu, na ndani yake duara za mwanga, moja ndani ya nyingine. Ilarie aliweka kidevu mahali pake, akatazama katikati, na kifaa kikapiga picha ya duara zile zilivyoonekana juu ya jicho lake, kama mwezi unavyoonekana juu ya maji ya ndoo. Utando ukiwa laini na umekaa sawa, duara hutoka duara. Ukivutwa upande mmoja, hutoka yai. Ukiwa na makovu na matuta, hutoka vipande vipande.

Mwezi wa tatu zilitoka yai. Daktari alimgeuzia skrini ili amweleze, lakini kabla hajaanza, Ilarie alisogeza pua karibu akaweka kidole upande wa juu, kulia.

"Hapa umekaza mno, mama daktari."

Akaulizwa amejuaje. Alisema pipa likivutwa na pete moja hukaa hivyo hivyo, na mwanafunzi wa fundi asiyeliona hilo hurudishwa kwao. Daktari alimtazama kitambo. Kisha akakata uzi mmoja, pale pale kidole kilipokuwa. Walipopima mara ya pili, yai lilikuwa limekaribia kuwa duara, na tangu siku hiyo daktari akawa anamwita fundi mwenzangu.

Mwezi wa sita Ilarie alisoma mstari wa saba wa ubao wa herufi. Ubao una mistari kumi. Safta alilia kwa sauti na kumkumbatia muuguzi aliyekuwa akipita zake na sinia.

Siku hiyo daktari aliwakalisha wote wawili akawapa amri. Mwili ni kama mwenye nyumba mkorofi, alisema. Unaweza kukaa na mgeni mwaka mzima, halafu siku moja ukamtupa nje. Dalili ni nne: jicho kuwa jekundu, mwanga kulichoma, kuona kupungua, na maumivu. Ikitokea hata moja, waje siku hiyo hiyo. Si kesho, si baada ya kanisa. Na wasingoje maumivu, kwa sababu utando uliopandikizwa haujarudiwa na hisia. Unaweza kuungua na mwenyewe asijue. Kila asubuhi litazamwe.

Safta ndiye aliyelitazama. Kila asubuhi alimsimamisha Ilarie dirishani, akamshusha kope kwa kidole gumba, akasogeza uso mpaka pumzi zao zikagusana. "Jeupe," alisema. "Nenda kazini." Ilarie hakuwahi kujitazama mwenyewe. Ya nini, na mtazamaji yupo?

Sasa mtazamaji alikuwa amelala mezani sebuleni, amevikwa gauni la Pasaka.

Veta alifika kabla ya padri. Huyu alikuwa mdogo wake Safta, akiishi upande wa pili wa ua, mjane pia, mwanamke wa sauti kubwa na mikono isiyotulia. Alisimamisha saa ya ukutani. Akachukua vitambaa vyeusi akafunika vioo: cha kabati, cha ukumbini, na kile kidogo cha kunyolea kilichoning'inia juu ya karo la kunawia. Vingekaa hivyo mpaka arobaini, ili marehemu asipotee humo ndani akakosa njia. Ilarie naye alikuwa amefanya vivyo hivyo kwa mama yake. Na kwa kuwa mfiwa hanyoi ndevu mpaka arobaini ipite, kioo hakikuwa na kazi naye.

Hakulia. Si kwamba alijizuia, hayakuja. Mazishini Veta aliomboleza mpaka wanaume wakatazama kando, akimwambia dada yake ainuke, maharage hayajaisha, nani atayamaliza. Ilarie alisimama kando ya kaburi kama nguzo ya ua. Aliyangoja machozi, akaona aibu ya kuyangoja. Nyuma yake alisikia mwanamke wa duka la mikate akimnong'oneza mwenzake kwamba mtu akikaa na mwaloni wa mapipa miaka hamsini, moyo nao huwa mwaloni. Hakugeuka. Aliona ni kweli.

Katika kijiji kile mwanamume akizika mkewe bila machozi, jambo hilo hutembea kuliko yeye. Wiki mbili za kwanza watu walimsalimia kwa ufupi. Veta alileta supu, akaiweka mezani, akaondoka bila kukaa.

Wiki ya tatu mambo yakabadilika, na yeye hakujua kwa nini.

Alichojua ni kwamba mshumaa ulikuwa na duara la ukungu pembeni. Mwanga wa mlangoni ulimkera, akawa anakaa upande wa kivuli. Alidhani ni moshi wa ubani, maana nyumba nzima ilinuka ubani. Alidhani ni kukosa usingizi. Dawa ya matone aliendelea kuitia, tone moja kwa siku kama alivyoagizwa, akipapasa. Maumivu hakuyasikia.

Asubuhi moja Veta alileta supu, akamtazama usoni, na badala ya kuondoka akavuta kiti.

"Lia tu, shemeji," alisema kwa sauti ambayo Ilarie hakuwahi kuisikia kwake. "Usione haya mbele yangu. Nimeliona jicho lako."

Ilarie alifungua mdomo amwambie kwamba hajalia. Maneno yalifika kwenye meno. Kisha akafikiria kiti kile, jinsi kilivyokuwa kitupu wiki mbili, akafunga mdomo. Veta alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka supu ikapoa.

Habari zikaenea. Mwanamke wa duka la mikate alimtolea mkate moto kutoka nyuma, asimruhusu apange foleni. Padri alisema kanisani kwamba wako watu ambao huzuni yao haina sauti, ila Mungu anaisoma usoni mwao, na kila mtu akajua anamsema nani. Hata Nicanor, jirani yake, aliyekuwa akimtania tangu wakiwa jeshini, alikuja na chupa ya tuika, pombe kali ya plamu, akamkazia macho, akamwambia kumbe naye ana maji ndani. Yeye Nicanor alidhani rafiki yake amejazwa maranda matupu. Kisha akampiga begani na kugeuza uso.

Ilarie alipokea yote. Aliona haya, na ile haya ilikuwa na joto ndani yake, kama blanketi la mtu mwingine. Akajiambia labda analia usingizini. Mtu akilala hajui afanyalo. Alipapasa mto asubuhi, ulikuwa mkavu. Siku ya pili hakuupapasa tena.

Siku ya arobaini ilikuwa Jumamosi. Meza ziliwekwa uani, ngano ya kuchemsha yenye sukari na kokwa za jozi ikabarikiwa, kila mgeni akapewa bakuli na mshumaa kwa ajili ya roho ya Safta. Wote walimtazama mwenye msiba. Veta, akigawa mvinyo, alisimama nyuma ya kiti chake na kumwekea mikono mabegani.

"Mtazameni," aliwaambia. "Siku arobaini, na bado jicho ni kama jeraha. Hivyo ndivyo alivyompenda dada yangu."

Wanawake walijifuta macho. Ilarie aliinamia sahani yake. Ilikuwa na maua ukingoni, aliyajua kwa kuyakumbuka. Hakuyaona.

Jumapili Veta alifunua vioo. Ilarie alisimama mbele ya kile cha karo akanyoa ndevu za siku arobaini. Ndani ya kioo aliona uso kama wa mtu aliye chini ya maji. Alikifuta kwa mkono wa shati. Alikifuta tena kwa kitambaa chenye siki. Kisha akasema moyoni kwamba kioo kikifunikwa muda mrefu lazima kichafuke, akanyoa kwa kupapasa, kama zamani.

Jumatatu ilikuwa siku yake ya kupimwa, iliyoandikwa tangu Safta yu hai. Nicanor alimpeleka mjini.

Daktari Otilia aliuliza Safta yuko wapi. Akaambiwa. Alimpa pole, akamwongoza mpaka kwenye alama iliyochorwa sakafuni, mbele ya ubao wa herufi. Mstari wa kwanza, herufi moja kubwa kama mlango, Ilarie aliusoma. Wa pili aliusoma polepole. Wa tatu hakuna kitu. Palikuwa na ukuta mweupe na vumbi jeusi lililosambaa. Daktari alimwambia apumzike, apepese, ajaribu tena. Alijaribu. Vumbi.

Alimweka kwenye kifaa cha duara. Kawaida, picha ikishatoka, alimgeuzia skrini wakaisoma pamoja kama mafundi wawili. Safari hii hakuigeuza.

"Nionyeshe," alisema Ilarie.

"Ngoja kwanza nitazame na taa."

"Nionyeshe, mama daktari. Nimeishi kwa vitu vya duara."

Akaigeuza. Ilarie alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa. Upande wa juu duara zilikuwepo, zimepinda. Upande wa chini hazikuwepo. Palikuwa na vipande vipande, vingine vimelala, vingine vimesimama, kama pipa lililoangushwa kutoka juu ya gari likatawanyika barabarani. Alilijua pipa la namna hiyo. Halifungwi tena. Huwa kuni.

Akatafuta kiti kwa mkono.

Daktari alilitazama jicho kwa taa yenye mwanga mwembamba, muda mrefu. Kisha akazima taa.

"Mzee Ilarie, jicho hili limekuwa jekundu tangu lini?"

"Jekundu?"

"Kama nyama."

Alijibu kwamba hakuna aliyemwambia. Sentensi ikatoka yote, ikasimama chumbani, ndipo akaisikia. Hakuna aliyemwambia? Veta alimwambia. Duka la mikate lilimwambia. Padri alimwambia mbele ya kanisa zima. Mikono iliwekwa mabegani mwake na watu sitini wakaitwa watazame.

Daktari alimweleza taratibu. Uzi mmoja upande wa chini ulikuwa umelegea, labda tangu wiki za msiba. Uzi uliolegea hukusanya uchafu. Mishipa ya damu ikaufuata, ikaingia mpaka kwenye utando, mwili ukagundua kuna mgeni na kuanza kumfukuza. Wiki tatu hivi, kwa makisio yake. Akauliza kwa nini hakuja. Hakuuliza kwa ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nicanor, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, akaona amtetee rafiki yake. Alisema mama daktari asimlaumu, mtu huyu amefiwa, ni kulia tu. Amelia siku arobaini mfululizo, kijiji kizima ni shahidi. Hata jiwe lingekuwa jekundu.

Daktari alichukua kijikaratasi chembamba, akakikunja ncha, akakiweka ndani ya kope la chini la Ilarie, akamwambia afumbe. Walingoja dakika tano. Alipokitoa, akakiinua kwenye mwanga ili wote wakione. Kilikuwa kimelowa ncha tu, kiasi cha ukucha wa mtoto.

"Jicho hili ni kavu," alisema. "Ukavu nao umeharibu ngozi ya juu. Halina machozi ya kutosha hata kujilowesha lenyewe. Wekundu huu si wa kulia, bwana. Ni wa ugonjwa."

Nicanor alikitazama kijikaratasi, akamtazama Ilarie. Ilarie alikuwa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti.

"Sikulia," alisema. "Hata tone. Waliposema nalia, niliwaacha waseme."

Nicanor hakuwa mtu wa kukosa neno. Alikuwa na neno mazishini, na harusini, na mbele ya hakimu aliwahi kuwa nalo. Siku ile alikosa. Alivaa kofia yake ndani ya chumba, akakumbuka, akaivua, akatoka kwenda kusimama ukumbini.

Ilarie aliuliza kama litapona.

"Ungekuja wiki ile ya kwanza ningekwambia ndiyo. Leo nakwambia sijui."

Alilazwa siku kumi na mbili. Uzi uliolegea ulitolewa. Wauguzi walimtia tone kila saa, mchana na usiku, na kila alipoamshwa alifikiria jambo moja tu: likienda hili, ni giza mpaka kaburini, na amelifungulia mlango mwenyewe kwa sababu alipenda kuvutiwa kiti.

Aliporudi nyumbani alimkuta Veta uani akipanga mbao za mwaloni zisinyeshewe. Ilarie alimwambia akae. Akamwambia yote, kwa maneno machache, bila kujipamba. Kwamba wekundu ule ulikuwa ugonjwa. Kwamba jicho huenda limekwisha.

Veta alikaa juu ya mbao kama mtu aliyesukumwa.

"Nililiona," alisema. "Kila siku nililiona. Nilikuletea supu nikalitazama likioza, nikasema asante Mungu, anamlilia." Alijishika mdomo. Mikono ile isiyotulia ilitulia. Kuku walikuja miguuni pake wakaondoka. Kisha akainua kichwa. "Kwa hiyo hukulia kabisa?"

"Kabisa."

"Kwa Safta."

"Kwa Safta."

Alisimama, akajifuta vumbi la mbao kwenye sketi, akapita mlango wa ua akaufunga kwa komeo. Ilarie alibaki amesimama. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Kwa kimya kile hakuwa amejiandaa.

Wiki nane Veta hakumsemesha. Aliweka mkate ukingoni mwa ua na kuondoka. Nicanor ndiye aliyekuja kila asubuhi kulitazama jicho, na kulitaja kama anavyotaja matokeo ya mpira: leo wekundu unaongoza mbili kwa sifuri, leo limepungua, leo limetoka sare. Hakugusia suala la kulia. Mara moja tu, akiwa ameshika kope, alisema kwamba yeye alipozika baba yake alilia kwa sababu ya kitunguu, na hajawahi kumwambia mtu. Ilarie hakujua kama anatania.

Wekundu ulikwisha. Ukungu haukwisha wote.

Walirudi mjini kwa kipimo kikubwa. Duara za juu zilikuwa nzuri. Za chini zilikuwa zimerudi kuwa duara, lakini zimegongwagongwa, kama pete iliyonyooshwa kwa nyundo ya mtu asiye fundi. Kwenye ubao Ilarie aliishia mstari wa tatu, na wa nne kwa kubahatisha.

Daktari Otilia alisogeza kiti chake. Alisema kuna mambo mawili. Huenda ndani utando ni mzima, ni ngozi ya juu tu iliyoharibika. Au huenda ndani umekwisha, na hapo hakuna la kufanya ila kutafuta mwingine na kurudi kwenye foleni. Ipo njia ya kujua. Alifungua kikopo akatoa lenzi ndogo ngumu, angavu, si kubwa kuliko kifungo cha shati. Ikikaa juu ya jicho, maji huingia chini yake na kujaza mashimo, na jicho huwa kama limepewa ngozi mpya laini. Akiona kupitia hiyo, ndani ni mzima. Asipoona, basi. Hakumalizia.

Aliweka tone la maji kwanza, kisha lenzi. Kope zilikataa, zikapepesa kama kuku aliyeshikwa. Alimwambia angoje. Alingoja. Akapelekwa kwenye alama sakafuni.

Ilarie hakutaka kufumbua. Kabla ya kufumbua, jicho lilikuwa bado mambo mawili. Alisikia Nicanor akikohoa mlangoni.

Akafumbua. Alisoma wa kwanza. Alisoma wa pili, wa tatu. Wa nne ulikuwepo, mweusi, na kingo zake. Kwenye wa tano alisimama, akapumua, akasoma wa sita. Wa saba alikosea herufi moja.

Daktari alikaa chini. Kisha akatoa karatasi kutoka mfukoni mwa koti lake jeupe, akaikunja mara nne. Ilikuwa fomu ya kumrudisha kwenye foleni. Alikuwa ameijaza tangu asubuhi, jina na tarehe. Ilarie alipoiona mkononi mwake, na jina lake limeandikwa, ndipo alipojua jinsi alivyokuwa karibu na kurudi gizani.

Lenzi yake mwenyewe ilichukua wiki mbili kufika. Nicanor alimpeleka kuichukua, wakafundishwa namna ya kuivaa na kuivua, wakarudi alasiri. Njiani Ilarie alitaja majina ya vijiji vyote kwenye vibao, na kila ng'ombe, mpaka Nicanor akamwambia anyamaze, si yeye aliyewaumba.

Alishuka mbele ya lango lake. Veta alikuwa upande wa pili wa ua na jembe, akichimbia vitunguu. Alisikia gari akainuka, akajipangusa paji kwa nyuma ya mkono, akatazama.

Miaka mingi Ilarie alikuwa amemwona Veta kama sauti yenye umbo. Hata katika miezi ile mizuri hakuwahi kumkazia jicho. Alikuwa na Safta wa kumtazama. Sasa alimwona. Kidevu kile. Mistari miwili pembeni mwa mdomo, wa kushoto mrefu kuliko wa kulia. Kichwa kikiinama kidogo kabla ya kuuliza. Veta alikuwa mdogo kwa miaka tisa, na bila mtu kumwambia Ilarie, alikuwa amezeeka akaingia ndani ya uso wa dada yake.

"Haya," alisema Veta, neno lake la kwanza tangu siku ya mbao. "Unaona au huoni?"

Ilarie alishika ua. Alitaka kusema naona. Badala ya neno yakatoka maji. Yalitoka kwenye jicho la kulia na kwenye kope lililofungwa la kushoto, yakashuka mashavuni, yakadondoka kwenye shati. Hakuyafuta. Hakujua yanafutwaje.

Veta alitupa jembe.

"Nicanor, usizime gari," alisema. "Linakuwa jekundu. Limeanza tena. Mrudishe, mrudishe sasa hivi."

Nicanor alimtazama rafiki yake kupitia dirishani, kwa muda. Alitazama mabega yale yanavyoruka. Akageuza ufunguo, akauchomoa.

"Hilo si la hospitali, Veta," alisema. "Mwache."

Ilarie alitikisa kichwa kukubali, akijaribu kusema jina la mkewe na likimtoka nusu nusu. Lakini Veta hakuamini. Mara moja alikuwa ameuamini wekundu ule kuwa ni machozi, na aliyaona matokeo yake. Alivuka ua bila kutafuta mlango, akavua aproni, akafungua gari, akaketi kiti cha nyuma na mikono yenye udongo juu ya magoti, akingoja wapelekwe hospitali.